Imeisha Hiyo: Siku Mbili za Skramu pale Mwenge

"Imeisha hiyo." Ukikaa Dar es Salaam wiki moja tu utayasikia maneno hayo kwa fundi cherehani, kwa dalali wa vyumba, kwa kijana wa bodaboda na kwa mtaalamu wa kompyuta mwenye shahada. Fundi anayasema kitambaa hakijaguswa na mkasi. Dalali anayasema hata mwenye nyumba hajamwona. Nia yao ni njema: wanakutuliza moyo uondoke na amani. Mimi naratibu miradi ya programu za kompyuta katika ofisi ndogo ya Kijitonyama, tupo watu 8, na maneno hayo nimewapa wateja mara zisizo na idadi. Kisha yakanirudia.

Mteja alikuwa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wadogo, ofisi yao Buguruni. Walitaka mfumo wa kuandikisha wanachama, kutoa mikopo na kupokea marejesho. Tulikaa nao mwezi mzima tukiandika mahitaji, zikatoka kurasa 64, kila ukurasa ukasainiwa na pande zote mbili. Baada ya hapo tukajifungia ofisini miezi 9. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka ripoti: asilimia 30, asilimia 55, asilimia 80. Takwimu hizo nilizipata kwa kuwauliza vijana, "Tumefika wapi?" Wao wakikisia, nami nikiyaandika makisio yao kana kwamba ni vipimo.

Siku ya kukabidhi, mama wa dawati la mikopo, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo kwa daftari tangu chama kianze, alivaa miwani akasogea kwenye skrini. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akanigeukia taratibu.

"Mwanangu, marejesho ya wiki yako wapi? Mimi hapa naona mwezi tu."

"Mama, si mikopo inalipwa kwa mwezi?"

"Nani amekwambia? Watu wangu wana magenge, wana meza za samaki Feri. Hela itakaa mkononi mwao mwezi mzima? Wanalipa kila Ijumaa."

Nilifungua nyaraka. Ukurasa wa 41 ulikuwa na sentensi moja: marejesho yatafuata utaratibu wa chama. Imesainiwa. Hakuna kati yetu aliyeuliza utaratibu wenyewe ni upi, na mama yule hatukumwita hata siku moja katika miezi yote ile, maana sisi tulikuwa tunazungumza na bodi. Nilirudi Kijitonyama nimesimama kwenye daladala, kompyuta nimeikumbatia kifuani, nahesabu ni majedwali mangapi ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, itabidi tuyabomoe.

Ndipo nilipojiandikisha mafunzo ya ngazi ya msingi ya Ajaili na Skramu, mitindo ya kuendesha miradi kwa vipande vifupi huku mteja akiona kazi inavyokwenda. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, ukumbi wa ghorofa ya tatu pale Mwenge, chai na chapati saa nne, wali saa saba. Tulikuwa 18: wa benki, wa mashirika ya Mikocheni, maofisa wawili wa manispaa, mhandisi wa ujenzi mwenye mvi, na binti mmoja aliyekuwa bado kwenye mafunzo kwa vitendo. Kabla hata ya chai umeme ukakatika. Jenereta ilichelewa, mwalimu wetu akaachana na projekta akahamia ukutani na karatasi za kubandika. Hakuirudia tena projekta, na naamini tulipata zaidi kwa njia ile.

Ajaili ni neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Ni wepesi wa kipa anayebadili mwelekeo mpira ukiwa njiani, na mtu asiuchanganye na pupa. Februari 2001 watu 17 wa fani ya programu walikutana Snowbird, kituo cha michezo ya theluji katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la Ajaili lenye mizani nne. Watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko nyaraka ndefu. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Kuyapokea mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Chini yake wakaongeza kwamba vile vya upande wa pili navyo vina thamani, ila wao wanavithamini zaidi hivi vya kwanza. Nyongeza hiyo wengi wanairuka, ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Sisi ni Ajaili, hatuandiki nyaraka." Anakosea. Mfumo wa mikopo usio na maandishi ni mtego kwa atakayeurithi.

Skramu (Scrum kwa Kiingereza), mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa Ajaili, ina umri mkubwa kuliko tamko hilo. Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao wote wawili walikuwamo kati ya wale 17, waliiwasilisha hadharani mwaka 1995. Jina lake, neno la mchezo wa raga, limetoka kwenye makala ya mwaka 1986 ya Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walioifananisha timu inayobuni bidhaa na timu ya raga: mpira unasonga mbele pamoja na timu nzima, haukabidhiwi kama kijiti cha mbio za kupokezana. Hapo nilisimamisha kalamu. Sisi tulikuwa tumekimbia na kijiti. Mchambuzi kampa mbunifu, mbunifu kampa mwandika programu, mwandika programu kampa mjaribu, na mama wa Buguruni ndiye aliyepokea kijiti kilichovunjika.

Kanuni zake ni chache kuliko nilivyodhani. Kazi inakatwa vipande vya muda viitwavyo sprinti, kila kimoja kisizidi mwezi; wengi huchagua wiki mbili. Sprinti inaanza kwa kupanga, ina kikao cha kila siku cha dakika 15, inamalizika kwa kuwaonyesha wadau kilichofanyika, kisha timu inakaa peke yake na kujitazama. Timu nzima kwa kawaida ni watu 10 au pungufu. Mwongozo rasmi wa Schwaber na Sutherland unapatikana bure, kurasa zake hazifiki 15, na toleo la sasa ni la Novemba 2020. Usome kabla hujalipa ada ya mafunzo yoyote. Maneno utayakuta humo. Ukumbini unakwenda kutafuta kile ambacho mwongozo hauwezi kukufanyia, yaani kukuonyesha unavyokuwa ukifanya kazi na wenzako.

Mimi nilionyeshwa kwa ndimu.

Mwalimu alimwaga kikapu cha ndimu mezani, alizinunua asubuhi ile sokoni Mwenge. Sharti: kila ndimu iguswe na kila mtu, ipite hewani kutoka mkono hadi mkono, usimpe jirani aliye ubavuni mwako, na iishie kwa yule aliyeianzisha. Dakika mbili za kupitisha, dakika moja ya kujadiliana, raundi tano. Kabla ya kila raundi timu itaje itapitisha ngapi.

Raundi ya kwanza mhandisi alishika usukani. Alikuwa mkubwa wetu kwa umri, wote tukimwita mzee, na hakuna aliyeona ajabu. Akatupanga mistari miwili, akatangaza ndimu 25. Tulipitisha 6, nyingine zikabingirika chini ya viti. Ile dakika ya mjadala aliitumia yote yeye. Raundi ya pili tukapata 9. Hapo mwalimu akamwendea, akamwomba kwa adabu kabisa awe msikilizaji kwa raundi moja. Kikawa kimya ambacho bado nakikumbuka. Watu 17 wazima, wenye vyeo, tunatazama sakafu.

Aliyekivunja ni yule binti. "Samahanini. Kwa nini tunarusha? Tukisogeleana, mmoja akaweka mikono juu na mwenzake akakinga chini, si ndimu itaanguka yenyewe? Itakuwa imepita hewani."

Raundi ya tatu tulipata 21. Ya tano tukapata 38. Mzee mhandisi alimfuata wakati wa chai akamshika mkono. "Mwanangu, mbona hukusema mwanzo?"

"Shikamoo mzee. Sikutaka kukukata kauli."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko kitu kingine chochote cha siku zile mbili. Binti yule hakukosea, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nimelelewa hivyo Tanga na nitawalea wanangu hivyo. Heshima ndiyo inayomfanya kijana ampishe mzee kiti kwenye mwendokasi, na sitaki mafunzo yoyote yaje kuniambia niitupe ili nionekane wa kisasa. Lakini mkubwa akishasema, mdogo hana tena pa kuliweka neno lake bila kuonekana anapinga. Dawa ni mpangilio: mdogo aanze, mkubwa afunge. Hapo hakuna aliyekatwa kauli na hakuna wazo lililobaki tumboni. Ofisini kwetu sasa mdogo kuliko wote ndiye anayefungua kikao cha asubuhi, na sijaona heshima ikipungua kwa yeyote.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilipitia Sinza, kamati ya harusi ya binamu yangu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati hizi anajua mwendo wake. Sala, kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha mweka hazina anasimama na daftari. "Ahadi, milioni 14. Taslimu, milioni 6 na laki 2." Zimebaki wiki tano. Mwenyekiti, mama mkubwa wetu, hakupoteza muda. "Ukumbi haulipiwi kwa ahadi." Ukumbi wa awali ukaachwa, ukatajwa mwingine. Mapambo yakapunguzwa. Keki ikabaki ya ngazi tatu badala ya tano. Chakula hakikuguswa, kwa sababu wageni watasamehe maua lakini sahani tupu hawaisahau. Nusu saa, mpango mzima umebadilika, na hakuna aliyesema harusi imeshindikana.

Nilikaa pale nikahisi masikio yananipata moto. Zile asilimia 80 nilizompelekea mteja zilikuwa ahadi. Tulikuwa hatuna hata shilingi ya taslimu, yaani hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho mama wa mikopo angeweza kukifungua na kukitumia. Skramu haina asilimia 80. Timu inakubaliana mapema maana ya kuisha, inaiandika, na kipande cha kazi ama kimeifikia ama hakijaifikia. Ambacho hakijafika hakionyeshwi kwa wadau wala hakihesabiwi. Kinarudi kwenye orodha ya kazi zinazosubiri. Kesho yake niliwasimulia wenzangu habari ya kamati, mwalimu akachukua kalamu akaandika ukutani kwa herufi kubwa AHADI na TASLIMU, na siku nzima kila aliyesema kazi fulani "inaendelea" aliulizwa aiweke upande upi. Ofisa mmoja wa manispaa aliyaandika maneno hayo kwenye kiganja cha mkono.

Kuhusu vyeti, kwa kuwa najua wengi mtaniuliza. Mtihani wa msingi wa EXIN, moja ya taasisi zinazotoa vyeti hivi, una maswali 40 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 65. Ule wa Scrum.org wa ngazi ya kwanza, PSM I, una maswali 80 kwa dakika 60 na unataka asilimia 85. Si lazima uhudhurie darasa, na cheti chake hakiishi muda. Ule wa Scrum Alliance, CSM, unakulazimu kuhudhuria darasa, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka miwili. Kama fedha ni ya kubana, soma mwongozo mara kumi ufanye PSM I. Kama unaweza kukaa na watu siku mbili, kaa nao, hata cheti kikija baadaye.

Turudi Buguruni. Mwongozo unasema mwenye bidhaa, yule anayepanga nini kitangulie na nini kisubiri, ni mtu mmoja wala si kamati. Chama kilikuwa na bodi ya watu 9. Nilikwenda na mkurugenzi wetu kwa mwenyekiti wa bodi tukamwomba atupe mama wa mikopo. Alisita, kwa sababu mama yule hakuwa mjumbe. Tulizungumza hadi adhana ya alasiri. Mwisho akakubali kwamba bodi itabaki na fedha na mwelekeo, ila mpangilio wa kazi ni wa mama, na mjumbe mwenye wazo lake ampelekee yeye, asiwapigie simu vijana wetu usiku.

Mkataba ulikuwa mgumu zaidi, na hapa nina lawama kwa mafunzo ya aina hii. Wanapita kwenye mkataba mbio mbio. Huku kwetu mhasibu wa mteja anataka orodha kamili ya vitakavyotolewa, tarehe zake, na malipo ya awamu tatu, naye hakosei, maana naye ana mkaguzi wake. Ukimwambia "tutagundua tukiwa njiani" anakuona tapeli. Tulichofanikiwa ni kuvunja awamu tatu za malipo kuwa vipande vidogo: kila baada ya sprinti mbili, kile kinachofanya kazi mbele ya macho ya mama kinalipiwa, na pande zote mbili zina haki ya kusimama hapo bila ugomvi. Mhasibu aliupenda mpango huo kuliko sisi, kwa kuwa hakulipia tena karatasi. Ningekuwa mwalimu, suala hili ningelitengea nusu siku nzima.

Ofisini kikao cha dakika 15 tulikianza saa tatu na robo asubuhi, ili anayetokea Kimara na anayevuka na pantoni kutoka Kigamboni wote wawahi. Wiki ya kwanza kilikufa. Mkurugenzi wetu, mzee ninayemheshimu sana, alikuja kila siku na kiti chake, akakaa katikati. Vijana wakasimama kama wako gwaride, kila mmoja akimtazama yeye. "Tupo mbioni, mzee." "Iko kwenye mchakato, mzee." Kikao ni cha timu kupanga siku yake, lakini kwetu kikawa cha taarifa kwa bosi.

Siku ya sita nilimfuata ofisini mwake mapema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona alfajiri yote hii?"

"Naomba dakika zako mbili. Kile kikao cha asubuhi, ukiwepo, vijana wanataka kukufurahisha. Naomba utuachie sisi, na Ijumaa ya mwisho wa sprinti uje uone kazi yenyewe kwenye skrini."

Alinyamaza muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta. "Kwa hiyo wananificha."

"Wanakuogopa, mzee. Wananificha hata mimi."

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa.

Kikao cha kujitazama cha kwanza bado kilikuwa cha kimya. Nikakumbuka zile karatasi za Mwenge. Niliwagawia kila mmoja tatu, nikawaomba waandike kwa herufi kubwa bila jina kinachowakwaza, wazikunje, waziweke kwenye sufuria ya jikoni. Nikazisoma kwa sauti. Intaneti inayokatika. Mahitaji yanayobadilika Jumatatu. Kiyoyozi. Halafu ikatoka moja: NAOGOPA KUSEMA NIMEKWAMA.

Niliirudia. Hakuna aliyejitokeza, nami sikuuliza. Nikasema tu kwamba mimi nami nimekwama, sijui namna ya kuhamisha madaftari ya miaka 7 ya chama yaingie kwenye mfumo bila kuwafunga wiki nzima, na nimekaa nalo siku 11 bila kumwambia mtu. Kijana wetu wa kanzidata akainua kichwa. "Dada, hilo mbona tunaweza kulifanya usiku, tawi kwa tawi?" Kikao kile kilipita saa moja na nusu, na mwishoni tuliandika kwa kalamu nyekundu maana yetu ya kuisha, ikabandikwa juu ya birika la chai: imejaribiwa na mtu ambaye hakuitengeneza; inafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye intaneti hafifu; mama wa Buguruni ameitumia kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata, Jumatano, saa tatu na dakika 20, kijana yuleyule alisema, "Nimekwama tangu jana mchana. Hesabu ya riba ya wiki inanikataa." Mwenzake akavuta kiti akakaa naye. Saa sita wakawa wamemaliza. Katika mradi ule wa kwanza, jambo kama hilo lilikaa wiki tatu ndani ya "asilimia 55".

Ijumaa ya mwisho wa sprinti ya tatu tulikwenda Buguruni wote, mkurugenzi pamoja nasi. Mama alivaa miwani. Akamtafuta mwanachama mmoja, muuza samaki, akaingiza marejesho ya wiki, 15,000. Risiti ikatoka. Akaisoma mara mbili, akaipiga muhuri, akaiweka pembeni. Mkurugenzi wetu alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia akivuta pumzi.

"Hii sawa," mama akasema. "Sasa nina akina mama wa vitumbua. Wao Ijumaa hawafiki. Wanataka kulipa kila siku, mia tano, elfu moja. Hiyo itakuja lini?"

Mwaka uliopita swali hilo lingenikausha koo. Nilimsogezea ile orodha yake ya kazi mezani, nikampa kalamu, naye akainama akaanza kutazama aiweke juu ya kipi.